Uzazi wa Majira: Njia Zake na Jinsi Zinavyofanya Kazi
(Hotuba ya Kamati ya Afya iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Twawashukuru kwa kutupa nafasi katika mkutano ambao kwa desturi huanza kwa hesabu za fedha na kwisha kwa malalamiko juu ya michango ya mazishi. Safari hii wazee wenyewe wameitaka Kamati ya Afya ieleze habari za dawa na vyombo vya kuzuia mimba: ni vipi, vyafanya nini mwilini, na kama ni kweli vyaharibu kizazi. Wamekuwapo waliosema kwamba maneno haya hayafai kusemwa mahali walipokaa watu na wakwe zao. Twaiheshimu haya hiyo. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi twathubutu kuongeza kuwa mficha uchi hapangi uzazi wake pia. Tutatumia maneno ya heshima, ila hatutazunguka mbuyu.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Katika nyumba nyingi za wazazi wetu mtoto alinyonya miaka miwili au zaidi, na baba akakaa mbali na mama kwa muda uliowekwa na mila. Watu wa Pwani walikuwa na neno lao, kubemenda, yaani kumharibia mtoto afya kwa wazazi kukutana kabla hajalikizwa. Sababu waliyoitoa haikuwa ndiyo yenyewe, maana tendo la ndoa halichafui maziwa. Hata hivyo walichokiona kwa macho kilikuwa kweli: mtoto anayeondolewa ziwani mapema ili ampishe mdogo wake hudhoofika, na mama anayebeba mimba juu ya mimba humalizika nguvu. Leo Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mwanamke aliyejifungua angoje angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Bibi zetu hawakulijua shirika hilo, lakini hesabu zao hazikuwa mbali na hiyo.

Kilichobadilika ni nyumba. Mume na mke wa leo hukaa katika chumba kimoja cha kupanga mjini, hapana bibi wa kuwatenga wala kibanda cha pili. Mtoto hupewa chai na uji kabla ya miezi sita, mama hurudi kazini, na ile kinga iliyokuwa katika mila imeondoka bila ya kuagwa. Kwa sababu hiyo watu walitafuta kinga nyingine. Chama cha Uzazi wa Majira cha Kenya kiliundwa mwaka 1962, na mwaka 1967 serikali ikaanzisha mpango wake wa taifa, wa kwanza katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Hata hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto wanane. Katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4, na kati ya wanawake 100 walioolewa, 57 walikuwa wakitumia mojawapo ya njia za kisasa. Basi tusidanganyane kwamba twazungumza habari za watu wengine. Twazungumza habari za binti zetu na wake zetu, na kinachotuhuzunisha ni kwamba wengi wao walichagua kwa uvumi.

Ili tuelewane, tutaje kwanza jinsi mimba inavyoingia. Kila mwezi yai moja hupevuka katika kifuko cha mayai, likaingia katika mrija uelekeao mji wa mimba. Likitoka, huishi kiasi cha siku moja tu. Mbegu za mwanamume hupita katika mlango wa kizazi, ambao kwa siku nyingi za mwezi huzibwa na ute mzito, na katika siku za rutuba ute huo huwa mwepesi na wa kuvutika. Mbegu zaweza kuishi humo hata siku tano. Zikikutana na yai katika mrija, yai lililorutubishwa husafiri hadi mji wa mimba na kujishikiza katika utando uliotayarishwa. Lisipopatikana, utando huo hutoka, na hiyo ndiyo hedhi. Kila njia tutakayoitaja huizuia safari hii mahali fulani.

Tena yapo mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Nguvu ya dawa ni jambo moja, na namna binadamu anavyoitumia ni jingine. Kati ya wanawake 100 wanaoishi na waume bila ya kinga yoyote, 85 hivi hushika mimba katika mwaka mmoja. Tukichukua wanawake 100 wanaomeza vidonge kila siku bila kukosa hata kimoja, hatapatikana hata mmoja kamili. Lakini tukichukua wanawake 100 kama walivyo katika maisha yao, wenye safari, misiba, watoto wagonjwa na duka la dawa lililofungwa, watashika mimba saba. Kidonge ni kile kile. Kwa hiyo anayeuliza ni njia ipi iliyo bora hana budi kuuliza pia ni njia ipi inayomtaka akumbuke mara ngapi.

Tuanze na zile zinazomtaka mtu akumbuke, au ajizuie, kila mara.

Kukatiza tendo kabla ya manii kutoka ni njia kongwe, na Waislamu waijua tangu zamani kwa jina la azl. Haigharimu kitu. Lakini yategemea mwanamume ajitawale katika dakika ambayo wanaume hawasifiwi kwa kujitawala, na wanawake kama 20 katika 100 hushika mimba kwa mwaka. Kuhesabu siku ndiyo njia inayokubaliwa na Kanisa Katoliki, na ndugu zetu wanaoishika imani hiyo wanastahili kufundishwa vizuri, kwa maana wengi wetu tulifundishwa vibaya. Wapo wanaodhani siku za hatari ni zile zilizo karibu na hedhi. Sivyo: hatari iko katikati ya mwezi, tena huanza siku kadhaa kabla ya yai kutoka, kwa kuwa mbegu hulingoja. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake hauwi chini ya siku 26 wala juu ya 32, siku za kujiepusha ni kuanzia ya 8 mpaka ya 19, akihesabu tangu siku ya kwanza ya damu. Ziko shanga zilizotengenezwa kwa rangi mbalimbali ili kumsaidia kuhesabu. Kati ya watumiao njia hiyo 12 katika 100 hupata mimba kwa mwaka, nayo haimfai kabisa mwenye mzunguko usiotulia.

Kondomu, ambayo wengi huiita mpira, huzuia mbegu zisiingie. Katika maisha ya kawaida huwaangusha wanawake 13 katika 100, hasa kwa sababu haikuvaliwa tangu mwanzo au haikuvaliwa siku ile. Ya kike huwaangusha 21. Pamoja na udhaifu huo, katika njia zote tutakazozitaja leo hii ndiyo peke yake inayozuia na magonjwa, ukiwamo Ukimwi. Neno hili twawaomba wazee wasilisahau tutakapofika kwenye njia zenye nguvu zaidi.

Vidonge ni vya namna mbili. Vya kwanza vina vichocheo viwili, na kazi yake ni kukizuia kifuko kisitoe yai na kuufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito. Havimfai mwenye shinikizo kubwa la damu, wala mwenye miaka 35 na zaidi anayevuta sigara, wala mama anayenyonyesha mtoto mchanga sana, kwa kuwa vyaweza kugandisha damu katika mishipa, ingawa ni kwa nadra. Namna ya pili ina kichocheo kimoja, nayo yamfaa mama anayenyonyesha. Ila yataka imezwe saa ile ile kila siku. Kwa mwanamke anayeuza samaki alfajiri leo na kesho yuko safarini, saa ile ile ni shida.

Sasa twaingia katika sindano, na hapa tutakaa kidogo, kwa maana ndiyo inayopendwa sana na wanawake wetu na ndiyo iliyozaa uvumi mwingi kuliko zote. Hudungwa kila baada ya miezi mitatu. Huzuia yai lisitoke na huufanya ute kuwa mzito. Anayerudi kwa wakati hana hofu, lakini kwa kuwa wako wanaochelewa, wanne katika 100 hushika mimba kwa mwaka. Wanawake huipenda kwa sababu haionekani. Hakuna pakiti chini ya mto. Siku hizi iko ya namna ambayo mwanamke akisha kufundishwa aweza kujidunga mwenyewe chini ya ngozi, nyumbani kwake.

Uvumi wa kwanza ni wa damu. Mwanamke akisha kudungwa mara kadhaa, mara nyingi hedhi hupungua na hata kukatika, na jirani humwambia kwamba damu yake inajikusanya tumboni na itamwua. Hapana damu inayojikusanya. Tulisema kwamba hedhi ni utando uliotayarishwa na kutupwa. Sindano huufanya utando huo usijengwe, basi hapana cha kutupwa. Kisima kisichojaa hakifuriki.

Uvumi wa pili ni mzito zaidi, nao ndio uliomfanya mzee mmoja asimame mwaka jana na kuuliza kama twataka ukoo wake ukatike. Husemwa kwamba sindano hufunga kizazi. Haifungi. Lakini uvumi huu una mbegu ya kweli ndani yake, na atakayeukana bila ya kuitaja mbegu hiyo hataaminiwa na mtu. Sindano ikisha kuachwa, dawa hukawia kutoka mwilini. Kwa wastani mwanamke hushika mimba miezi kumi hivi tangu sindano ya mwisho, na wengine hungoja zaidi ya mwaka. Mfikirieni basi bibi arusi aliyedungwa kwa miaka miwili, akaacha ili azae, na miezi minane ikapita kimya. Mama mkwe ameanza kuuliza. Mume ameanza kusikiliza. Hakuna aliyemwambia tangu mwanzo kwamba ungojaji huo ni wa kawaida. Nyumba huvunjika kwa jambo ambalo muuguzi angalilieleza kwa dakika mbili. Shauri letu ni kwamba anayetaka kuzaa baada ya muda mfupi achague njia nyingine, na anayetumia sindano aambiwe habari hii yeye na mumewe, na mama mkwe pia ikiwezekana.

Vijiti vya mkononi havina ukawio huo. Ni vijiti vyembamba vya plastiki laini, kimoja au viwili, vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono wa juu. Hutoa kichocheo kidogo kidogo kwa miaka mitatu au mitano kwa kadiri ya aina yake. Huufanya ute kuwa mzito na huzuia yai. Kwa kuwa mwanamke hatakiwi akumbuke chochote, wanaoshika mimba ni kama mmoja katika 1,000. Kikitolewa, uzazi hurejea upesi. Husemwa kwamba kijiti husafiri mpaka moyoni. Kwa kawaida hukaa pale pale kilipowekwa, nacho chapapaswa kwa kidole. Taabu yake ni damu isiyo na mpango: matone ya siku nyingi, au kukosa kabisa. Si hatari, lakini ni udhia, hasa kwa wale ambao damu huwazuia kuswali au kufunga, na ni haki ya mwanamke kuambiwa kabla ya kuwekewa. Wanaotumia dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, na baadhi ya dawa za Ukimwi kama efavirenzi, wamweleze muuguzi, kwa kuwa dawa hizo hupunguza nguvu ya vijiti na ya vidonge.

Kitanzi huwekwa ndani ya mji wa mimba. Cha shaba hakina kichocheo chochote. Shaba yenyewe huzidhoofisha mbegu zisilifikie yai, na kitanzi kimoja chafaa kwa miaka 10 au zaidi. Chini ya mwanamke mmoja katika 100 hushika mimba kwa mwaka. Miezi ya kwanza hedhi huwa nyingi na maumivu huongezeka, kwa hiyo aliyepungukiwa na damu afikiri mara mbili. Twaona ajabu kwamba chombo cha bei nafuu kiasi hiki hakisikiki sana katika vijiji vyetu; labda kwa sababu chataka mkono uliofundishwa, na haya ya kuchunguzwa ni kubwa. Kiko na kitanzi chenye kichocheo, ambacho hupunguza damu.

Zimebaki njia mbili zinazofunga moja kwa moja. Mwanamke hufungwa mirija, mwanamume hukatwa mirija ipitishayo mbegu. Ya mwanamume ni kazi ndogo zaidi na salama zaidi, hufanywa kwa ganzi ya mahali pale tu, na mtu hurudi nyumbani siku ile ile. Haimwondolei nguvu zake, wala haimgeuzi sauti, wala haimfanyi kuwa ng'ombe maksai kama tulivyosikia ikisemwa katika baraza hii hii. Korodani hubaki, na vichocheo vyake hubaki. Kinachokatika ni njia ya mbegu tu. Ila yapasa atumie kinga nyingine kwa miezi mitatu, mpaka zilizobaki njiani ziishe. Wanaume wa nchi yetu walioikubali ni wachache mno. Aliyezaa watoto saba na anayesema hataki wa nane, akamwachia mkewe mzigo wote wa sindano na damu, na ajiulize.

Kunyonyesha kwenyewe ni kinga, kwa masharti matatu yaendayo pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, hanyweshwi wala halishwi kitu kingine ila ziwa, mchana na usiku, na mama hajaanza kuona hedhi. Yakitimia yote, wanawake wawili tu katika 100 hushika mimba katika miezi hiyo. Likikosekana moja, kinga imekwisha siku hiyo hiyo. Na kile kidonge cha dharura ambacho vijana hukiita P2 hukawiza yai. Chafaa kikimezwa mapema, nacho kisipitishe siku tano baada ya tendo. Hakitoi mimba iliyokwisha kuingia, na si cha kuzoeleka kila wiki.

Tuliulizwa pia kama sindano huvuta Ukimwi. Swali hili lilichunguzwa kwa wanawake zaidi ya 7,800 katika nchi nne, na Kisumu ilikuwamo. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Waliotumia sindano, kijiti na kitanzi cha shaba hawakuonekana kutofautiana sana katika kuambukizwa. Lakini katika makundi yote matatu karibu wanne katika 100 waliambukizwa kwa mwaka, na hiyo ndiyo sababu tuliwaomba msiisahau kondomu.

Sasa, wazee wetu, tulete lililotusukuma kusimama hapa. Mwaka uliopita wanawake watatu wa chama hiki walikwenda kutolewa vijiti. Wawili muda wao ulikuwa umekwisha, na wa tatu alichoshwa na damu. Waliambiwa waje siku nyingine, kwa kuwa mtu ajuaye kazi ile hakuwapo. Walikwenda mara ya pili, na mmoja wao mara ya tatu, kila mara kwa nauli yao. Kuwekewa kulikuwa kwa nusu saa. Kutolewa kukawa kwa miezi. Mwanamke aliye katika hali hiyo hawezi kuzaa anapotaka, wala hana hakika ya kinga anapoitaka, na anaporudi kijijini akiwa bado na kijiti mkononi, wenzake huona kwamba uvumi umethibitika. Njia inayoweza kuachwa wakati wowote ni ya kuaminiwa pale tu kuachwa kwake kunapowezekana. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya huduma ya afya, na ya uzazi imetajwa humo kwa jina.

Basi Kamati yaomba mambo matatu. Mfuko wa msaada, ambao hulipa nauli ya mgonjwa anayepelekwa hospitali, ulipe pia nauli ya mwanachama anayekwenda kutolewa kijiti au kitanzi, bila ya kuulizwa sababu. Pili, muuguzi aalikwe mara mbili kwa mwaka, azungumze na wanawake kikao chao na wanaume chao, na katika kikao cha wanaume wazee wakae mbele. Tatu, Katibu aandike kwa ofisi ya afya ya kaunti kuuliza ni siku zipi za juma ajuaye kutoa vijiti hupatikana katika kila kituo cha karibu, na jibu libandikwe kwenye mlango wa ofisi yetu.

Ombi la pili na la tatu hayahitaji fedha. La kwanza lahitaji kura, kwa kuwa lagusa kanuni ya mfuko, na Mweka Hazina anayo makisio yake. Maswali twayapokea sasa. Asiyependa kuuliza mbele ya watu aandike kwenye karatasi bila ya jina na kuitia katika sanduku lililoko mlangoni.